Olavo Mascarenhas na Udongo Usiokauka

Tangu Alhamisi iliyopita simu ya Moez haijalia kabla ya chai ya asubuhi. Kwa miaka mingi, kila ilipoingia Septemba, ililia kila siku, na sauti ya Olavo upande wa pili haikuanza na salamu. Iliuliza, "Imenyesha huko?" Moez, ambaye nyumba yake iko kando ya shamba alilolima Olavo, alichungulia dirishani na kujibu, ndipo wakajuliana hali. Clotilda, mke wa Olavo, alizoea kuyasikia mazungumzo hayo kutoka jikoni, upande mmoja tu wa maneno, akikoroga chai. Sasa anakoroga chai na hakuna anayeuliza kitu. Wiki hii nzima imenyesha, na mvua imepita bila mtu wa kuigombeza.

Marehemu Olavo Mascarenhas alizaliwa Moshi tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa tatu wa marehemu Caetano na Philomena Mascarenhas. Masika ilikuwa imeanza wiki hiyohiyo. Baba yake alikuwa fundi wa matrekta katika mashamba ya ngano ya Kilimanjaro Magharibi, na hakuja kumwona mtoto mpaka kazi ya kupanda ilipokwisha. Mama yake alimtania kwa jambo hilo hadi alipokuwa mtu mzima: "Wewe ulishindwa na ngano siku ya kwanza kabisa."

Alisoma shule ya misheni mjini Moshi, kisha sekondari Arusha, akamaliza mwaka 1970. Walimu wake walimkumbuka kama kijana mpole aliyekaa karibu na dirisha na kutazama nje zaidi ya ilivyofaa. Likizo zote alizimalizia shambani kwa baba yake. Alisomea zana za kilimo kwa miaka miwili, na mwaka 1973 akaajiriwa katika mashamba yaleyale, ambako baadaye alikuwa msimamizi wa upandaji.

Udongo wa kule ni mweusi na mwepesi, umetokana na majivu ya volkano. Unakunywa mvua ya usiku, na asubuhi mtu anaukanyaga bila kuzama. Kwa hiyo mvua ilikuwa ndiyo ruhusa ya kupanda. Matone ya kwanza yalipogonga bati, madereva waliacha uji mezani wakakimbilia matrekta. Olavo alikulia katika kukimbia huko, na hakujua kwamba kuna mahali duniani ambapo mkulima huiona mvua ya kupandia akarudi ndani akakaa.

Alimwoa Clotilda Noronha, karani wa posta, tarehe 10 Juni 1978, kanisani Moshi. Harusi ilikuwa imepangwa Aprili. Mvua zilichelewa, upandaji ukachelewa, na bwana harusi akatuma ujumbe kwamba hawezi kuondoka shambani. Mzee Noronha aliuliza mbele ya wageni waliokwisha kufika kutoka Tanga, "Huyu kijana anaoa binti yangu au anaoa mawingu?" Clotilda alimjibu baba yake kwamba atamngoja. Amemngoja mara nyingi tangu hapo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Errol na Deanne.

Mwaka 1990 familia ilihamia Toronto, ikapata nyumba katika ghorofa za mtaa wa Rexdale. Olavo alifanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege kwa zaidi ya miaka ishirini, zamu ya mchana na zamu ya usiku, akipanda basi la barabara ya Kipling akiwa na chakula chake kwenye mfuko wa plastiki. Hakulalamika. Lakini Clotilda aliona kwamba kila mumewe akingoja basi huinama, huchukua udongo kidogo kwenye ukingo wa barabara, huusugua kwa vidole, kisha huutupa na kujifuta kwenye suruali, kama mtu aliyeshikwa akifanya jambo lisilo lake.

Alipostaafu, Moez alimpigia simu. Walifahamiana tangu Arusha, ambako Moez alikuwa na duka la vipuri. Sasa alikuwa amenunua shamba kaskazini mwa Richmond Hill, mji ulio nje ya Toronto, ardhi inayongoja wajenzi, akamwambia, "Bwana Olavo, siku itafika watajenga nyumba hapa. Mpaka siku hiyo, panda unachotaka." Olavo akataka ngano. Huku ngano hupandwa kabla ya baridi, hulala chini ya theluji, na kuvunwa Julai. Tena wakulima wa jirani walimweleza kuwa aina hii isipopigwa na baridi haitoi suke. Aliwasimulia watu jambo hilo kila mahali, hata kanisani, kwamba kuna mmea unaohitaji kuumizwa kwanza. Hakulizoea kamwe.

Mwaka wa kwanza alikosea. Mwanzoni mwa Oktoba mvua kubwa ilinyesha, na moyo wake ukafanya ulichofundishwa utotoni. Aliwasha trekta lililoazimwa, akaingia shambani mvua ikimpiga mgongoni, akapanda mpaka jioni. Alirudi Rexdale amelowa na anaimba. Kumbe udongo wa shamba la Moez ni mfinyanzi. Magurudumu yaliushindilia ukawa sakafu, visu vya mashine vikaupaka kama ukuta wa chungu, na mbegu zikabaki zimelala ndani ya vijito vya maji. Wiki mbili baadaye Moez alisimama ukingoni mwa shamba na kuita, "Bwana Olavo, hebu niambie, ulipanda ngano au ulipanda samaki?"

Alicheka naye. Ila hakurudia tena. Tangu mwaka huo alijifunza kungoja, na desturi yake watu wengi mlioko hapa mmeiona. Alichukua udongo wa kina cha kidole, akaufinya kiganjani, kisha akauangusha kutoka usawa wa kifua. Ukipasuka na kusambaa, trekta linawashwa. Ukianguka na kubaki donge, kila mtu anarudi nyumbani. Clotilda aliufananisha na unga wa chapati uliozidi maji, na Olavo alikubali kwamba hiyo ndiyo elimu yote.

Mwezi wa Agosti mwaka huu madaktari walimweleza kwamba ana saratani ya kongosho na kwamba imesambaa. Wiki hiyohiyo Moez alikuja kumwona, akakaa muda mrefu akizungusha kikombe mkononi, kabla ya kusema kwamba wajenzi wamefika. Wangechukua ardhi baada ya mavuno ya Julai ijayo. Olavo akasema, "Basi tuna msimu mmoja wa kupanda." Hakusema nani ataivuna ngano hiyo. Aliomba jambo moja tu kwa watoto wake: aione ngano ya msimu huu imepandwa kabla hajaondoka.

Ndipo mvua ilipoanza. Soya iliyopandwa shambani kwa zamu na ngano ilichelewa kuvunwa kwa sababu ya unyevu, na ilipotoka, Oktoba ilikuwa imefika katikati. Siku za kupanda zilizobaki zilikuwa chache. Ngano ikichelewa hukutwa na jalidi, baridi inayogandisha ardhi, kabla haijashika mizizi, na udongo unapoganda na kuyeyuka huisukuma juu, ikafa mizizi ikiwa hewani. Ikipandwa kwenye tope, huoza. Kati ya mambo hayo mawili kulikuwa na mlango mwembamba, na kila siku ulikuwa unafungwa.

Olavo hakuweza tena kushuka ngazi. Kwa hiyo Errol, akitoka kazini, alipitia shambani na kuleta udongo kwenye kopo la aiskrimu. Baba yake aliuchukua, akaufinya, akaunyoosha mkono nje ya kitanda na kuuangusha kwenye gazeti ambalo Clotilda alilitandika. Ulianguka puu. Donge. Kesho yake, donge. Mikono yake ilikuwa imekonda kiasi kwamba Clotilda alijiuliza kama ni udongo uliolowa, au ni mkono usioweza tena kuuinua hadi usawa wa kifua.

Jumamosi moja Errol alishindwa kuvumilia. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mashine iko tayari, mbegu ziko bandani, yeye amechukua ruhusa kazini, na ngano ikioza na ioze, maadamu baba ameiona imepandwa. Olavo alimjibu kwa Kiswahili, kama kawaida yake.

"Sitaki kuona mashine ikipita. Nataka ngano."

"Dad, hakuna muda."

"Najua hakuna muda. Mimi ndiye ninayekufa, Errol, si wewe. Subiri udongo."

Errol alikwenda kusimama kwenye veranda. Deanne alilia bafuni huku maji yakimwagika ili asisikike, na alisikika. Hakukuwa na wa kumshitaki. Daktari alikuwa amefanya yake, Moez alikuwa amefanya yake, padri alikuwa amekuja na mafuta ya wagonjwa. Mawingu yalikaa juu ya Rexdale, na hakuna aliyejua azungumze na nani.

Jumatatu iliyofuata Clotilda alibaki peke yake na lile kopo. Aliumwaga udongo kwenye bati la keki, akautia kwenye oveni kwa moto mdogo. Harufu ilijaa kwenye korido. Zeenat, jirani wa mlango wa pili, aligonga na kuuliza, "Dada Clotilda, leo unapika nini, chungu cha udongo?" Udongo ulipopoa, Clotilda aliurudisha kwenye kopo, akampelekea mumewe, akasema Errol ameuleta sasa hivi.

Olavo aliufinya. Akauangusha. Ulipasuka, ukasambaa gazetini kama sukari.

Kisha akakileta kiganja puani.

"Mama Errol."

"Abee."

"Shamba la Moez limeanza kunukia vanila lini?"

Alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, na Clotilda akacheka huku machozi yanamtoka, akamshika mgongo. Alipotulia alisema, "Usimwambie mtoto. Atakwenda kupanda." Baadaye kidogo akasema, "Hautakauka mwaka huu. Waambie wasipande." Lakini alimzuia Clotilda asilikunje lile gazeti. Aliomba aachiwe ule udongo mkavu, akawa anauchezea kwa vidole hadi akasinzia.

Alifariki nyumbani, asubuhi ya Alhamisi tarehe 6 Novemba, Clotilda akiwa amemshika mkono. Nje kulikuwa na manyunyu. Waliokuja kumtayarisha walitaka kumsafisha kucha, na Clotilda akawaomba waziache.

Marehemu ameacha mjane, Clotilda. Watoto wake, Errol na Deanne. Mjukuu wake, Kimberly. Dada yake, Bernadette, aliyeko Moshi. Na rafiki yake Moez pamoja na mkewe Rehmat, ambao familia inawahesabu kuwa ndugu. Familia inawashukuru majirani wa Rexdale na jumuiya yetu kwa vyakula, kwa sala na kwa kukaa nasi bila kusema neno.

Mtakapokuja kurusha udongo kaburini, mtaona umelowa na unashika mikono. Olavo angetuambia tusubiri. Leo hatuwezi. Bwana ampokee, ampe pumziko lisilotegemea hali ya hewa.

Shamba halikupandwa. Mbegu ziko kwenye banda la Moez, kavu. Olavo Mascarenhas atalala hapa, makaburi ya Richmond Hill, safu ya mwisho karibu na uzio wa kaskazini.