Ngazi ya Kijani ya Shemeji Luka

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliokosa nafasi, mlioketi huko nje kwenye mawe, mnanisikia? Asifiwe tena! Mungu ametupa kuta za kanisa hili, bati zimeshafika, na leo amenipa mimi mdomo. Wanaonifahamu wanajua nimekaa muda mrefu bila mdomo. Mtu akinisalimu "Kamwene," naitikia kwa kichwa kama mbuzi. Leo nitasema, mnivumilie.

Mimi ni Mama Tabita, mke wa Petro, wa hapa hapa Kalenga. Petro alikuwa na mdogo wake, Luka, seremala. Alikuwa kijana wa maneno mengi na vicheko, na kibanda chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba ya mama yao. Nilimpenda yule shemeji, ndugu zangu. Bado nampenda.

Mzungu mmoja wa mashamba alikuwa anahama, na vitu vyake vikauzwa kwa mnada Iringa mjini. Luka alitaka vifaa vya kweli, tukamsindikiza mimi na Petro. Mngemwona anavyonunua! Msumeno aliupinda, akauachia, akasikiliza mlio wake. Randa aliiinua usawa wa jicho aone kama tumbo lake limenyooka. Nyundo aliitikisa ajue kama kichwa kinacheza kwenye mpini. Patasi alizijaribu makali kwenye ukucha, moja moja, mpaka Petro akachoka kusimama. Lakini alipofika kwenye ngazi, hakupima kitu. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, inang'aa. Sisi tumezoea ngazi za mianzi, ambazo zikichoka unaziona zimepasuka na unazisikia zinalia. Hii ilikuwa nzuri na imenyamaza kimya. Akainunua.

Tulipofika nyumbani, mama mkwe alitoka kupiga vigelegele. Mimi nilipitisha mkono kwenye mti wa ubavuni mwa ile ngazi, nikahisi kitu chini ya rangi, kama kovu. Nikamwambia Luka, "Shemeji, ikwangue rangi kwanza, tuone mbao yenyewe. Hii itakuangusha."

Luka akacheka. "Shemeji, bibi harusi ameingia leo tu, wewe unataka nimvue nguo mbele za watu?"

Tulicheka wote, hata mimi, na yakaishia hapo. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa amelisikia lile neno, itakuangusha.

Mvua zilipokaribia, Luka alipanda kupigilia bati za kibanda chake. Mimi nilikuwa uani napukuchua mahindi. Nilisikia mlio mmoja mkavu, halafu kishindo. Ule mti wa ubavuni ulikuwa umekatika katikati, naye alikuwa ameangukia mgongo juu ya magogo aliyoyapanga mwenyewe. Ee Mungu! Nilimshika kichwa. Wanaume walikuwa bado wanafunga machela alipokata roho mikononi mwangu. Alikuwa hata hajaoa.

Msibani mama mkwe alisimama mbele ya watu akasema, "Huyu alisema itamwangusha, na imemwangusha. Alijuaje?"

Ndugu zangu, hilo tu. Hakuna aliyenipiga. Lakini chungu changu cha msibani kilirudi kimejaa kama nilivyokitenga. Tangu siku hiyo hakuna aliyekula kilichotoka mkononi mwangu. Petro peke yake alikula, naye alikuwa akitazama kwanza lile tonge. Kisha mama mkwe akaja akamchukua Tabita wangu, akisema mtoto hawezi kulishwa na mdomo ule. Petro aliinamisha kichwa. Nami ningesema nini, wakati kusema ndiko kulikonifunga?

Nitawaambia lililo baya kuliko yote: nilianza kuamini. Nilijiuliza, labda ni kweli, labda nisingetamka Luka angekuwa anapiga randa sasa hivi. Basi nikanyamaza. Sikuomba, sikuimba, sikumwonya mtu jambo lolote.

Ile ngazi haikuchomwa, maana waliogopa moshi wake. Ilitupwa porini kwenye nyasi. Vifaa vya Luka navyo hakuna aliyethubutu kuvigusa, vikabaki palepale alipoviacha. Siku moja napita mlangoni mwa kibanda, nikamwona Tabita amekaa sakafuni na patasi ya baba yake mdogo. Anajaribu kuchonga kijiti alichokishika kwa mkono mwingine, makali yakielekea kwenye mkono wenyewe. Nilifungua mdomo nimwite. Nikaogopa! Nikasema moyoni, nikitamka itamkata, itamkata kama ngazi ilivyomwangusha Luka. Nikaufunga. Patasi ikateleza ikampasua kiganja.

Nilimfunga kwa khanga yangu huku bibi yake akinipigia kelele niondoke. Nilikimbia hadi mtoni nikaanguka kwenye majani. Hapo ndipo nilipolia kwa sauti mara ya kwanza tangu mazishi. Nikasema, "Bwana, nilipoonya, mtu alikufa. Niliponyamaza, mwanangu ameumia. Kama mdomo huu unaua, uzibe kabisa. Kama hauui, nirudishie!" Sikusikia sauti yoyote, ndugu zangu, sitawadanganya. Niliosha damu mikononi nikarudi nyumbani.

Lakini Mungu alikuwa kazini, naye alitumia mvua. Mvua zilipokolea, mama mkwe alikwenda porini kutafuta uyoga, akaikuta ile ngazi kwenye nyasi. Maji na jua vilikuwa vimeibambua rangi.

Mchana ule nilimwona anaingia uani kwangu, amemshika Tabita mkono, na begani amebeba kipande cha mti kilichokatika. Akakiweka karibu na jiko langu. "Tazama," akasema.

Nikatazama. Ufa wa zamani ulikuwa umepita mbao ile upande hadi upande, na ndani yake mtu alikuwa amejaza gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno, akalainisha, akapaka kijani. Ngazi ile ilivunjika kabla Luka hajaiona. Nani aliifanya hivyo? Sijui, na nimemwachia Mungu.

Mama mkwe aliketi chini. Kisha akasema, "Nipakulie."

Nilipakua ugali na mboga za maboga. Akamega tonge la kwanza akampa Tabita, la pili akatia kinywani mwake. Akatafuna huku machozi yanashuka. Halafu akaniuliza, kwa upole ambao hajawahi kunionyesha, "Mama Tabita, mwanangu, mbona hukupiga kelele zaidi?"

Tulilia pamoja mpaka ugali ukapoa. Luka hakurudi, wanyalukolo, ndugu zangu wa damu. Nashukuru kwa yote niliyorudishiwa, lakini yeye hakurudi, na kila nikisikia msumeno ukilia mahali najikuta nimegeuka.

Namshukuru Mungu kwa Tabita, ambaye siku hizi analala kwangu. Namshukuru kwa Petro, ambaye ameomba radhi na sasa anakula bila kutazama. Wewe unayenyamaza leo kwa sababu ya maneno ya watu, mtumaini Bwana huyu. Mlilie hata kama husikii jibu. Yeye anajua kuibambua rangi.

Na sasa, kabla sijakaa. Wakati naingia nimeona ngazi imeegemezwa pale nje kwa ajili ya bati za kanisa. Imepakwa rangi, nyeupe, nzuri sana. Ndugu zangu, asipande mtu! Ikwanguliwe kwanza! Mzee wa kanisa, unanisikia? Vijana, mnanisikia? Asipande mtu!

Mama, wewe uliyeketi hapo mbele na mjukuu wako. Safari hii nimepiga kelele ya kutosha?