Naomba Tokeni Nje Kidogo: Maisha ya Shangazi Yetu

Shangazi yetu, ambaye hospitali nzima ilimwita Bi Tokeni, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, binti pekee wa fundi cherehani na mkewe. Baba yangu ndiye kaka yake. Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, ambako aliadhibiwa sana kwa kuuliza maswali. Mwaka 1980 alipata stashahada ya ustawi wa jamii, akaajiriwa kwenye wodi ya wazazi, na hakuhama mpaka alipostaafu mwaka 2017.

Alifunga ndoa Agosti 1982 na mpima ardhi, mtu mpole. Mwaka 1984 alijifungua kwa upasuaji mtoto wa kike, aliyefariki siku hiyohiyo. Shangazi akiwa bado kwenye usingizi wa dawa, daktari na mumewe walikubaliana afungwe kizazi, eti mimba nyingine ingemdhuru. Hakuna aliyemwambia. Alijua miaka miwili baadaye, alipokwenda kuuliza mbona hashiki mimba. Mumewe alijitetea kwamba alimwonea huruma. Ndoa ilikwisha taratibu, bila ugomvi.

Tangu hapo aliishi peke yake katika vyumba viwili nyuma ya posta. Kila Jumamosi alinunua mkate mzima, nusu ikamkaukia. Tulipomtembelea alitusindikiza hadi kwenye ngazi, akabaki amesimama pale mpaka tupinde kona. Alikuwa mpweke, na hatuna haja ya kulipamba hilo.

Kazini hakuwa na masihara. Kabla mwanamke hajatia sahihi jambo lolote la uzazi wake, Shangazi alisema, "Naomba tokeni nje kidogo." Walitoka waume, walitoka mama wakwe, na siku moja alitoka daktari mkuu, akasimama koridoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Kisha Shangazi alivuta pazia, akaketi, akauliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?" Akanyamaza mpaka ajibiwe. Binti mmoja anayetembea kwa magongo aliletwa na mama yake afungwe kizazi baada ya kujifungua, kwa madai kwamba hataweza kulea. Alipoulizwa alilia kwanza, kisha akasema anamtaka huyo mtoto, na mwingine baadaye. Mama mtu alifura kwa hasira. Shangazi alimwambia hasira ameielewa, ila mwili ni wa bintiye. Yule binti yupo hapa leo na wanawe wawili.

Februari 2023 Shangazi aligundulika kuwa na saratani ya ini. Ndugu tulizunguka kitanda tukibishana na daktari: apewe dawa gani, akauguzwe kwa nani, na hata azikwe wapi. Baba alishikilia makaburi ya ukoo. Nikaona Shangazi amegeukia ukutani.

Nikasema, "Baba, naomba tokeni nje kidogo."

Baba alinikazia macho, kisha akatoka, na wengine wakamfuata. Nikavuta pazia, nikaketi, nikamuuliza lile swali lake.

Alinigeukia. "Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza," alisema. Akacheka kidogo, halafu akalia. Alitaka kurudi kwenye vyumba vyake, na azikwe karibu na mtoto wake.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Juni 2023, asubuhi, dirisha likiwa wazi. Ameacha kaka mmoja, wifi yake, mimi na wadogo zangu wawili. Alitanguliwa na binti yake, aliyelala hapa kushoto.

Apumzike kwa amani, hapa alipopachagua mwenyewe.