Mayai Yaliyoombewa Kifuniko Kikiwa Wazi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Nimesimama kumshukuru Mungu aliyenirudishia wadogo zangu nyumbani.

Baba na mama walipofariki, watu wa ukoo walitugawana siku ya matanga, hata viti vya kuazima havijarudishwa. Nekesa alichukuliwa na shangazi, akaenda Kitale. Wafula alipelekwa kwa mjomba, huko Kapsokwony. Mimi kifungua mimba niliacha shule, nikabaki peke yangu hapa Bungoma ili boma lisimezwe na nyasi. Shangazi aliniambia, "Wewe, ukipata kitu ya kuwalisha, kuja uwachukue. Maneno hailishi mtu."

Nilipokwenda Kitale kumwona Nekesa, nikaona inkubeta ya kuangulia vifaranga kwa jirani: sanduku la mbao, taa ya mafuta chini, sahani ya maji ndani. Nikarudi nikatengeneza yangu kwa kabati la baba, nikajaza mayai. Nilikuwa nikigeuza mayai asubuhi na jioni, nikiyaongelesha. Ndugu zangu, hakukuwa na mwingine wa kuongea naye.

Kina mama wa ushirika wa kanisa wakaja kuniombea, tena na tena. Na sisi hapa, maombi bila kuwekea mikono tunaona hayajakamilika. Kifuniko kikafunguliwa, mikono ikaingia, tukaomba mpaka mvua ikapiga bati. Joto lote likatoka. Siku ya kuanguliwa ikafika, ikapita. Nilivunja yai, nikakuta kifaranga kimeumbika na kimekufa. Nikayazika yote nyuma ya jikoni. Baada ya hapo hakuna aliyebisha hodi.

Kisha akaja Mama Simiyu, yule aliyeomba kwa kirefu kuliko wote, na kikapu cha mayai ya kuku wake.

"Mwanangu, maombi yetu ilileta baridi," akasema. "Nimeuliza wenye kuku. Ati kila tukifungua, tunaua. Hii mara tunaweka mikono juu ya mbao. Kwani Mungu atashindwa na mbao?"

Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu matanga.

Tukaomba hivyo, sanduku limefungwa, viganja juu yake. Asubuhi moja nikifagia, nikasikia sauti ndogo ndani. Nilitamani kufungua. Sikufungua. Nilikaa sakafuni nikilia, sauti zikiongezeka, mpaka vifaranga wakakauka manyoya.

Kuku wale walikua, wakataga, nikaangua wengine, nikauza. Shangazi alipokuja na kuona banda na mahindi ghalani, alishika njia ya Kitale. Aliporudi tena alikuwa na Nekesa na begi lake. Wafula akafuata. Jioni ile waligombania kiti cha karibu na moto, na mimi niliwaacha wagombane.

Ewe unayesonga ugali wa mtu mmoja, mwamini Yesu. Sufuria yangu siku hizi haitutoshi, na jina lake lihimidiwe.