Siku Mbili Zilizokosa Mwenyewe: Wasifu wa Ndugu Stambuli Kondo wa Masjala

Ndugu Stambuli Kondo, Karani wa Masjala Daraja la Pili, anastaafu Alhamisi tarehe 30 Juni 1983, baada ya kulitumikia Shirika la Mboga za Milimani kwa miaka ishirini na saba na miezi minne. Alipoanza kazi tarehe 1 Machi 1956, shirika lilikuwa bado linaitwa Bodi, na ofisi ilikuwa vyumba viwili vya mabati nyuma ya stesheni ya Morogoro. Tangu hapo shirika limebadilishwa jina mara tatu, nembo mara nne na meneja mara tisa. Masjala imebadilishwa kufuli mara moja.

Alizaliwa Kinole mwaka 1928 na kusoma mpaka darasa la sita. Kabla ya kuajiriwa aliandika daftari la wageni katika nyumba ya kulala wageni ya mjomba wake, na huko ndiko alikopata elimu ambayo shirika limeitumia bila kuilipia ada. Mgeni wa kwanza anatoka asubuhi, wa pili anaingia asubuhi hiyo hiyo. Kitanda hakikosi mtu, na hakilali watu wawili wasiojuana. Kwa hiyo katika safu ya "mpaka" Stambuli hakuandika siku ya mwisho ya mgeni. Aliandika siku ambayo kitanda si chake tena. Mwisho wa mmoja ukawa mwanzo wa mwingine, tarehe ile ile, na mjomba hakuwahi kugombana na mtu.

Kazi yetu, kwa wale wa idara nyingine ambao hawajapata kufika chini kwenye masjala, ni kujua nani analima tuta lipi la ngazi katika milima ya Uluguru, na kuanzia lini mpaka lini. Ndugu Stambuli alikuta yote hayo katika daftari moja lililoliwa na mchwa kuanzia herufi M. Akatengeneza kadi za aina tatu. Kadi ya mtu ina namba ya mtu. Kadi ya tuta ina namba ya tuta. Kadi ya tatu, ndogo kuliko zote, haina maelezo: ina namba ya mtu, namba ya tuta, "kuanzia", "mpaka", na dole gumba la mkulima. Ukimwuliza nani alikuwa kwenye tuta namba 40 wakati wa masika ya 1962, alikujibu chai yako ikiwa bado ya moto. Ukimwuliza kama kuna watu wawili waliopewa tuta moja kwa wakati mmoja, alikwenda kwenye ubao wake wa misumari. Kila tuta lilikuwa na mstari, na kila mkulima uzi uliofungwa kutoka mwezi aliopewa mpaka mwezi alioacha. Nyuzi mbili zikipandana, kuna ugomvi unakuja. Pasipo na uzi, tuta limelala. Meneja wa tano aliuona ubao huo, akadhani ni sanaa ya mikono, akaagiza upelekwe maonyesho ya Sabasaba. Ulirudi bila nyuzi. Alizifunga upya kwa wiki sita na hakulalamika, ila kwa muda wa wiki hizo hakumsalimia mtu.

Hakuwa mtu rahisi. Hakuazima penseli. Aliyekaa kwenye kiti chake alitazamwa mpaka anyanyuke. Makao makuu yalipodai kwamba hakuna safu itakayoachwa wazi, hata kwa mkulima ambaye bado yuko shambani, wenzake wa wilaya nyingine waliandika "31 Desemba 1999" ili wamalize kazi. Mkaguzi alipokuja alishangaa kwamba shirika limegawa milima kwa zaidi ya miaka thelathini bila kikao. Kadi za Ndugu Stambuli zilikuwa wazi. "Yupo bado," alimwambia mkaguzi. "Akiondoka nitaandika."

Mwaka 1967 ulikuja waraka. Uliagiza kwamba katika safu ya "mpaka" iandikwe siku ya mwisho ya kibali, na ili makarani wasichoke, ukaja na muhuri wa mpira: MPAKA 28 FEBRUARI. Wakati huo vibali vyetu vilikuwa vimeshafanywa vya mwaka mmoja mmoja kuanzia tarehe 1 Machi, kwa hiyo aliyechonga muhuri alikuwa sahihi kwa miaka mitatu katika kila minne. Waraka ulikataza pia kumbukumbu za pembeni. Ndugu Stambuli aligonga muhuri kwenye daftari rasmi kama alivyoagizwa, kila mwaka, bila kukosa. Kisha, kwenye kadi zake ndogo, akaendelea kuandika 1 Machi. Kadi hizo alizihifadhi kwenye makasha ya sabuni yaliyoandikwa KADI MBOVU, akijua kwamba katika shirika letu hakuna anayefungua kasha lenye maneno hayo.

Miaka minane muhuri ulifanya kazi yake kimya. Agosti 1975 iliundwa Kamati ya Ugawaji Upya. Aliyelima tuta moja miaka kumi mfululizo angebaki nalo moja kwa moja. Aliyekatiza, hata siku moja, angehamia shamba jipya la shirika upande wa Kisaki, ambako jua ni kali na kabichi hukauka kabla haijafunga. Katibu wa Kamati alikuwa Ndugu Athanas Mbena, kijana makini aliyetoka chuoni, na kosa lake lilikuwa moja tu: alisoma daftari kama lilivyoandikwa. Lilimwonyesha kwamba tarehe 29 Februari 1968 milima yote haikuwa na mkulima. Tarehe 29 Februari 1972, vilevile. Watu mia moja arobaini na watatu walikuwa wameacha mashamba yao siku moja, wakarudi kesho yake, na miaka minne baadaye wakarudia. Rasimu ya taarifa yake, ambayo bado tunayo, inapendekeza uchunguzi kuhusu uwezekano wa tambiko.

Wakulima waliitwa ofisini mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Mama Regina Mkude wa Nyandira, mjane, mwenye matuta saba aliyoyajenga mawe yeye na marehemu mumewe. Waliokuwapo wanayakumbuka mazungumzo yao vizuri kuliko muhtasari unavyoyakumbuka.

"Mama, tarehe 29 Februari 1968 ulikuwa wapi?"

"Shambani."

"Daftari linasema hukuwapo."

"Na wewe mwanangu ulikuwa wapi siku hiyo?"

Ndugu Athanas alifikiri, akasema hakumbuki.

"Basi na wewe nenda Kisaki," alisema Mama Regina. "Tutapanda gari moja."

Watu walicheka, lakini Kamati haikuwa na safu ya kuandikia kicheko. Alipewa siku tatu alete ushahidi. Alishuka masjala, akakaa kwenye benchi la wananchi na kikapu chake, akamwambia Ndugu Stambuli kwamba hana karatasi nyingine yoyote duniani ila ya ubatizo.

Hapa yafaa wasomaji wajue jambo ambalo Mama Regina hakulijua. Wiki tatu baadaye Ndugu Stambuli alikuwa aende kwenye usaili wa Karani Mkuu, cheo alichokingoja miaka kumi na mmoja, na safari hiyo hakukuwa na mwombaji mwingine. Kufungua makasha ya sabuni kulikuwa sawa na kukiri kwamba amevunja waraka kwa miaka minane, kwa makusudi na kwa mwandiko mzuri. Kutoyafungua hakukuhitaji afanye lolote.

Aliyapandisha juu mwenyewe, makasha manne, ngazi ishirini na mbili, akakataa kusaidiwa. Akaweka mbele ya Kamati kadi za Mama Regina, kumi kwa kila tuta: mpaka 1 Machi 1968, kuanzia 1 Machi 1968, na madole gumba chini ya kila moja. Ndugu Athanas, ambaye haki yake isisahauliwe, alizipanga mezani kwa mkono wake, akatafuta upenyo kati ya kadi na kadi, asiuone.

"Mzee, kwa nini hizi zinaitwa mbovu?"

"Ili zisiharibiwe," alijibu Ndugu Stambuli.

Kazi iliyobaki ilichukua siku mbili. Kati ya wakulima mia moja arobaini na watatu, mia moja thelathini na mmoja walikutwa hawajakatiza hata siku moja, Mama Regina akiwa wa kwanza. Kumi na wawili walikutwa wamekatiza kweli, tena miezi, na daftari la muhuri lilikuwa limewaficha kati ya wenzao. Mmoja wao ni shemeji yake Ndugu Stambuli, ambaye hakwenda Kisaki, ila alihamia Ngerengere kwa hiari yake na mpaka leo huwaambia watu kwamba hana shemeji.

Shirika halikukawia kuonyesha shukrani. Ndugu Stambuli alisimamishwa kazi siku kumi na nne kwa kutunza kumbukumbu zisizoruhusiwa, na usaili ukaahirishwa mpaka tarehe ambayo haijaandikwa. Siku ya pili ya adhabu Kamati ilihitaji kadi ya tuta namba 112, na hakuna aliyejua pa kuanzia. Kwa kuwa mtu aliyesimamishwa haruhusiwi kuingia masjala, aliitwa kama mgeni. Daftari la wageni linaonyesha alifika siku kumi na mbili mfululizo, saa moja na nusu asubuhi, na katika safu ya "Shida" aliandika kila siku neno moja: "Yenu." Alikaa benchi la wananchi na kutuelekeza kupitia dirisha dogo.

Mwaka jana mmoja wetu alipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya mashine za kuhesabu. Mashine yenyewe hatukuiona, ila mkufunzi alichora ubaoni majedwali matatu yanayounganishwa kwa namba, lile la katikati likiwa na safu za mwanzo na mwisho. Ilikuwa vigumu kukaa kimya. Ndugu Stambuli alipoelezwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hao wataalamu huihesabu siku ya mwisho au hawaihesabu. Alijibiwa kwamba bado wanabishana. Alionekana kuwahurumia.

Waraka wa 1981 umeagiza ofisi zote za shirika zifuate utaratibu wake wa kuandika tarehe. Hautaji jina lake, na unaeleza kwamba utaratibu huo ni matokeo ya utafiti. Muhuri wa mpira umerudishwa makao makuu kwa hati ya makabidhiano.

Ndugu Stambuli, umetufundisha kwamba mtu anaweza kupotea kabisa katika siku moja ambayo hakuna aliyejali kuiandika, na kwamba karani ndiye anayeamua. Tunakushukuru kwa hilo kuliko tulivyowahi kuonyesha. Tunakuombea afya, majirani wema kule Kinole, na asubuhi zisizo na foleni dirishani.

Sherehe itafanyika ukumbini saa nane mchana. Mama Regina Mkude alialikwa kwa barua. Ameleta vikapu viwili vya kabichi na ujumbe kwamba anaomba radhi, hatafika: huu ni wakati wa kumwagilia, na matuta yale hayawezi kuachwa hata siku moja.