Fundi Simai na Mzinga Tuliouchomea Udi

Tarehe 30 Juni, Bwana Simai Wakil anastaafu baada ya miaka thelathini na nne ya kutunza vyuma vya makumbusho yetu hapa Mji Mkongwe. Mimi, Nassra wa mapokezi, nimeombwa niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha katika jarida letu. Nitajaribu, ila tangu mwezi wa Machi moyo wangu haujatulia.

Alizaliwa Uroa, akajifunza ufundi chuma Ng'ambo kwa mjomba wake, akaajiriwa kwetu akiwa bado na nywele tele kichwani. Fundi Simai hakadirii kwa macho. Tulipoletewa kabati jipya aliupima mlango kwanza, tukamcheka, mpaka kabati lenyewe likagoma kuingia.

Mwaka huu uongozi uliamua mzinga wetu wa kale wa mlangoni upigwe jioni ya kuandama mwezi wa Idi, kama walivyofanya wazee. Mialiko ikatoka. Daftari la makumbusho linasema mzinga ni mtupu, lakini Simai akajibu kuwa daftari halisimami mbele ya mzinga, apewe siku moja aupime. Wafanyakazi wakamnong'ona kuwa uzee umemtia woga. Na mimi nilikuwemo katika hao.

Alichukua mwanzi mrefu, akausukuma ndani kwa mdomoni mpaka ukagota, akautia alama. Kisha akaulaza juu ya mzinga kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Kama ndani hamna kitu, ulitakiwa ufike kwenye lile tundu dogo la kuwashia, kule nyuma. Ulipungua karibu dhiraa nzima. Akarudia mara tatu, halafu akatufukuza sote kwa sauti ambayo hatujapata kuisikia kwake, akapiga simu jeshini.

Wataalamu waliujaza maji siku mbili. Kisha wakatoa kitambaa kilichooza, tufe la chuma kubwa kama danzi, na baruti. Subhanallah! Mzinga ulikuwa umeshindiliwa tangu enzi za mababu! Ndani ya bonge la baruti mlikuwa na punje kavu. Wakaziwasha kidogo uwanjani, zikaripuka fyuu! Bi Bashira wa uhasibu alikimbia akaacha kiatu. Na juu ya kitu hicho maharusi wamepiga picha, watoto wa skuli wamepanda, jamani.

Sasa niseme langu. Kila Alkhamisi, ili mapokezi panukie, mimi ndiye niliyekuwa nikichomeka kijiti cha udi kinachowaka katika lile tundu la nyuma. Miaka tisa! Kilikaa vizuri mno. Simai alisema kilichotuokoa ni kutu na rangi vilivyoziba tundu kwa chini. Nilikaa sakafuni nikalia.

Mwezi ukaandama, Idi ikaja kimya, sote tukiwa hai. Lakini uongozi, uliposikia habari ya majivu tunduni, ukataka kujua nani aliyekuwa akichezea moto pale. Nikanyamaza. Simai alijua fika ni mimi. Majivu ya udi wangu aliyaona kwa macho yake. Akaandika jina lake mwenyewe, akasema mwenye kutunza chuma ndiye wa kuulizwa. Akapewa barua ya onyo, ya kwanza katika utumishi wake wote, na imo katika faili lake mpaka leo. Yeye, ambaye harufu ya udi humpigisha chafya mpaka machozi!

Kwa hiyo, wakubwa wangu, nawaomba mbele ya wasomaji wote: itoeni barua ile kabla mtu huyu hajaondoka, muitie katika faili langu. Anastahiki kutoka na jina safi.

Fundi Simai, umetunusuru roho zetu, na mimi nikashindwa kukusemea neno moja. Ahsante, na unisamehe. Mola akujaalie afya na siku nyepesi huko Uroa. Kesho asubuhi, kabla mkurugenzi hajafungua ofisi, atanikuta mlangoni, nimekuja kuyasema haya kwa mdomo wangu.