Damu Yenye Kinyongo

Uvumi kwamba mtoto akionekana ana minyoo kwenye damu haponi tena ulininyima raha, mpaka nilipowasikia wanawake wawili kwenye treni. Fundi cherehani alimwambia jirani yake mwenye koti la maabara, "Dada, mwanangu kanywa dawa ya minyoo mara tatu, kipimo cha damu bado kinasema anayo. Nimezidisha dozi, sasa anatapika."

"Anatapishwa na dawa, shoga. Damu ina kinyongo kama wifi: minyoo imeshakufa, yenyewe bado inaikumbuka kwa kinga iliyobaki, na kipimo kinasoma kumbukumbu hiyo. Kipimo cha choo kilisemaje?"

"Safi. Lakini nani ataamini mavi aache damu?"

Mavi angalau hayana fitina, nikawaza. Treni ikasimama, wakashuka wakibishana.

Wazazi wenzangu, epukeni kudharau kipimo cha choo, kutibu kwa jibu la damu peke yake, na kuzidisha dozi kwa hofu.