Gugu la Bikira Maria

Ukishamwamkia mtu mzima shikamoo, huwezi tena kumkatalia ndoo yake. Ndivyo Aidan alivyojikuta amepakata ndoo ya Bibi Kunegunda, yenye maji na mmea wa maua ya zambarau, ndani ya basi, kutoka Mbamba Bay hadi Songea. Walipokaribia mjini, kijana wa kiti cha pili, aliyevaa kizibao chenye maandishi LINDA ZIWA, akauona.

"Bibi, hilo ni gugu maji! Tumeshinda ufukweni wiki nzima tunalipiga picha na kuling'oa!"

"Poleni na kazi. Mimi nalipeleka parokiani, kwenye kibwawa cha Bikira Maria."

"Litaziba maji yote! Likifika mtoni tumekwisha."

"Kwani nyie mmetumwa na nani?"

"Hatujatumwa, bibi. Tunajitolea."

"Basi na mimi najitolea."

"Litupwe juani likauke!"

"Maua ya Mama Maria juani? Wewe ulibatizwa kweli?"

Aidan, ambaye suruali yake ilikuwa imeshalowa, alikuwa upande wa yeyote atakayeiondoa ile ndoo.

Basi likasimama Msamala. Bibi akashuka taratibu, akashika kiuno, akamgeukia yule wa kizibao. "Mjukuu wangu, hiyo ndoo ni nzito, na wewe una nguvu."

Abiria wote wakamtazama kijana, waone alilelewa wapi.

Aidan alimwona dirishani akielekea kanisani nyuma ya bibi, bado anasema "lakini bibi," ndoo kichwani, LINDA ZIWA mgongoni.